Luigi Broglio: Jenerali aliyefikisha mbio za anga za juu Ngomeni

WAKAZI wa Malindi na vijiji vya Magarini wamezoea kuyaona majukwaa ya chuma yaliyosimama baharini mbele ya Ngomeni, yapata kilomita 30 kaskazini mwa mji wa Malindi. Wavuvi huyapita wakielekea Ghuba ya Ungwana, na vizazi kadhaa vya watoto wa pwani hiyo vimekua vikiyaona kama sehemu ya bahari yao. Wengi hukiita kituo hicho San Marco, au kwa ufupi kituo cha Waitaliano. Jina lake rasmi, hata hivyo, ni la mtu mmoja: Luigi Broglio, mhandisi, mwalimu wa chuo kikuu na jenerali wa jeshi la anga la Italia, aliyefariki mwaka 2001.

Maisha ya Broglio yanaeleza jinsi nchi iliyotoka kushindwa vitani ilivyopata nafasi katika shindano la mataifa mawili makubwa yenye silaha za nyuklia, Marekani na Muungano wa Kisovieti. Yanaihusu pia pwani ya Kenya kwa karibu sana, kwa kuwa mali ya thamani zaidi katika mpango wake haikuwa roketi wala fedha. Ilikuwa ni mahali: bahari iliyo karibu na ikweta.

Mwana wa Mestre

Broglio alizaliwa Novemba 11, 1911 huko Mestre, karibu na mji wa Venice. Alisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Roma, kisha akajiunga na kikosi cha wahandisi wa jeshi la anga na kufanya kazi Guidonia, kituo kikuu cha utafiti wa ndege nchini Italia wakati huo. Italia iliposalimu amri Septemba 1943 na majeshi ya Ujerumani yakaitwaa sehemu kubwa ya nchi, alijiunga na wapiganaji wa upinzani.

Vita vilipokwisha alirejea darasani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alichukua nafasi ya mwalimu wake, Gaetano Arturo Crocco, kama mkuu wa shule ya uhandisi wa anga mjini Roma. Hapo aliwafunza vijana ambao baadaye wangekuja naye Ngomeni.

Nchi yake ilikuwa na mikono iliyofungwa. Mkataba wa amani uliotiwa saini Paris mwaka 1947 uliikataza Italia kumiliki silaha za atomiki na hata kufanyia majaribio makombora ya kuongozwa. Miaka michache baadaye, mwaka 1951, Marekani, Uingereza na Ufaransa zilikubali kulegeza masharti hayo, kwa kuwa ziliihitaji Italia upande wao katika Vita Baridi. Lakini kumbukumbu ya makatazo hayo ilibaki. Mhandisi wa Kiitaliano aliyetaka kuunda roketi alipaswa kueleza kwanza itakuwa ya kazi gani.

Kishindo cha Sputnik

Oktoba 4, 1957 Muungano wa Kisovieti ulirusha Sputnik, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa na binadamu. Chombo chenyewe kilikuwa tufe dogo lenye uzito wa kilo zipatazo 84. Kilichoishtua Marekani zaidi ni roketi iliyokibeba, kwani iliundwa awali kwa kazi ya kubeba bomu la nyuklia kutoka bara moja hadi jingine. Tangu siku hiyo, kila safari ya anga za juu ilisomwa kwa macho mawili. Jicho moja liliona sayansi na jingine liliona silaha.

Marekani ilijibu kwa njia hizo zote mbili. Mwaka 1958 iliunda NASA, shirika la kiraia la safari za anga za juu, na mwaka 1959 ikatangaza mbele ya wanasayansi wa dunia kwamba ilikuwa tayari kurusha vyombo vya utafiti vya nchi nyingine. Wakati uo huo ilipeleka Ulaya makombora ya nyuklia aina ya Jupiter. Makombora 30 yaliwekwa kusini mwa Italia na mengine 15 Uturuki, yote yakiuelekea Muungano wa Kisovieti. Vichwa vyake vya nyuklia vilibaki chini ya ulinzi wa Wamarekani.

Broglio alikuwa afisa wa jeshi hilo la anga lililokuwa likihudumia makombora ya wenyewe. Hata hivyo alitafuta njia nyingine. Mwaka 1959 Italia iliunda tume ya utafiti wa anga za juu, naye akawa mwenyekiti wake. Pamoja naye alikuwamo Edoardo Amaldi, mwanafizikia mashuhuri aliyetaka Ulaya iungane katika kazi hiyo na kuiweka mbali kabisa na wanajeshi. Broglio aliunga mkono ushirikiano wa Ulaya, lakini aliona kwamba mashirika ya nchi nyingi yangechelewa. Njia ya haraka ilikuwa kuzungumza na Marekani moja kwa moja.

Hoja ya ikweta

Aprili 12, 1961 Yuri Gagarin wa Muungano wa Kisovieti alikuwa binadamu wa kwanza kuizunguka dunia katika anga za juu. Mwezi uo huo wanasayansi wa fani hiyo kutoka nchi mbalimbali walikutana Florence, Italia. Huko Broglio aliwaeleza wajumbe wa NASA mpango wake: Italia ingetengeneza setilaiti yake yenyewe na kuirusha kwa roketi ya Marekani, wakiendesha kazi hiyo Waitaliano, kutoka jukwaa lililosimama baharini karibu na ikweta.

Sababu zake zilikuwa za kisayansi. Dunia hujizungusha kuelekea mashariki, na kwenye ikweta ndiko mwendo huo ulivyo mkubwa zaidi, karibu kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayorushwa huko kuelekea mashariki hupewa msukumo wa bure, hivyo hata roketi ndogo huweza kubeba mzigo wa maana. Tena setilaiti inayotakiwa kuzunguka juu ya ikweta hufika huko kwa urahisi ikirushwa kutoka ikweta yenyewe. Kutoka Wallops, kituo cha Marekani kilichoko pwani ya Virginia, safari hiyo ingehitaji nguvu nyingi za ziada.

Pwani ya Kenya ilikidhi yote hayo. Ngomeni iko takriban nyuzi tatu kusini mwa ikweta, na mashariki yake hakuna ila Bahari ya Hindi iliyo wazi, ambamo vipande vya roketi vingeweza kuanguka bila kuhatarisha miji. Bahari yake karibu na ufuo haina kina kirefu, hivyo jukwaa lenye miguu ya chuma lingeweza kusimama imara.

Serikali ya Waziri Mkuu Amintore Fanfani iliukubali mpango huo mwaka 1961. Roketi iliyochaguliwa iliitwa Scout, ya hatua nne, iliyotumia fueli ngumu. Baadhi ya injini zake zilitokana na makombora ya kijeshi, jambo lililofanya idhini ya Marekani iwe suala la siasa kama lilivyokuwa la ufundi.

Geneva, Roma na Cuba

Mei 31, 1962 Broglio na Hugh Dryden, naibu mkuu wa NASA, walitia saini hati ya maelewano mjini Geneva. Dryden hakuwa na shughuli hiyo moja tu mjini humo. Siku chache baadaye, Juni 8, alikamilisha na mwanasayansi wa Kisovieti, Anatoly Blagonravov, makubaliano ya kwanza ya ushirikiano wa anga za juu baina ya mahasimu hao wawili. Kwa hiyo mpango uliozaa kituo cha Ngomeni ulitiwa saini mahali ambapo wakubwa nao walikuwa wakijaribu kupunguza hofu baina yao.

Septemba 7, 1962 maelewano hayo yalithibitishwa Roma na Makamu wa Rais wa Marekani, Lyndon Johnson, na Waziri wa Mambo ya Nje wa Italia, Attilio Piccioni. Kazi iligawanywa katika hatua tatu. Kwanza vifaa vingejaribiwa kwa roketi ndogo, kisha setilaiti ya kwanza ingerushwa kutoka Marekani, na hatimaye nyingine ingerushwa kutoka Bahari ya Hindi. Hakuna upande ambao ungemlipa mwenzake fedha. Kila mmoja angegharamia sehemu yake.

Mwezi mmoja tu baada ya sherehe hiyo, dunia ilifika ukingoni mwa maangamizi. Oktoba 1962 Marekani iligundua makombora ya nyuklia ya Kisovieti nchini Cuba. Kwa siku 13 Rais John Kennedy na kiongozi wa Kisovieti Nikita Khrushchev walivutana. Makombora ya Cuba yalipoondolewa, Marekani nayo iliahidi kwa siri kuyaondoa yale ya Jupiter yaliyokuwa Uturuki. Yaliyokuwa Italia pia yalivunjwa mwaka 1963. Makombora yalipokuwa yakiondoka, mpango wa Broglio ndio uliobaki kuwa roketi za Italia.

Katika siku hizo hizo za hatari, Oktoba 27, Enrico Mattei, mkuu wa kampuni ya mafuta ya ENI, alifariki katika ajali ya ndege. Mattei alikuwa amezikasirisha kampuni za Marekani kwa kununua mafuta ya Kisovieti. Lakini ni kampuni hiyo hiyo iliyompatia Broglio jukwaa la kuchimbia mafuta, ambalo liligeuzwa kuwa Santa Rita, kituo cha kuongozea urushaji wa roketi za Marekani. Jukwaa la pili, San Marco, ambalo ndilo la kurushia, lilitoka jeshi la Marekani.

Pwani ya nani?

Katika mazungumzo yote hayo, Kenya haikuwa na kiti mezani. Mwaka 1962 ilikuwa bado koloni la Uingereza. Hata umiliki wa Mwambao wenyewe ulikuwa katika mjadala, kwa kuwa ukanda wa maili kumi, kuanzia Vanga hadi Kipini, ulihesabiwa kisheria kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar chini ya ulinzi wa Waingereza. Ngomeni imo ndani ya ukanda huo. Mabishano kuhusu Mwambao yalimalizwa kwa makubaliano ya Oktoba 8, 1963 yaliyouunganisha na Kenya, na miezi miwili baadaye, Desemba 12, Kenya ikawa huru.

Serikali ya Mzee Jomo Kenyatta ilirithi mpango huo na kuukubali. Mwaka 1964 roketi ndogo za utafiti zilianza kuruka kutoka Santa Rita. Haukuwa wakati mwepesi. Kenya ilitangaza kutofungamana na upande wowote, lakini pande zote mbili ziliitaka. Aprili 1965 meli ya Kisovieti ilifika Mombasa ikiwa na shehena ya silaha, na Kenyatta akaikataa. Tukio hilo lilizidisha mfarakano baina yake na makamu wake, Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa na uhusiano mzuri na nchi za Mashariki. Kwamba roketi zenye asili ya Marekani zilikaribishwa Ngomeni wakati ambapo silaha za Kisovieti zilirudishwa kutoka Mombasa, ni dalili ya upande ambao Kenya ilikuwa ikielekea.

Setilaiti juu ya Ngomeni

Desemba 15, 1964 wahandisi wa Broglio walirusha San Marco 1 kutoka Wallops. Italia ikawa nchi ya tatu, baada ya Muungano wa Kisovieti na Marekani, ambayo watu wake walirusha setilaiti waliyoitengeneza wenyewe, ingawa roketi ilikuwa ya Marekani.

Ndani ya setilaiti hiyo mlikuwa na kifaa alichokibuni Broglio mwenyewe, kinachojulikana kama mizani ya Broglio. Tufe jepesi la nje liliunganishwa kwa mikono ya kunepa na kiini kizito cha ndani. Hewa nyembamba ya huko juu ilipolisukuma tufe, msogeo wake ulipimwa na kuonyesha uzito wa hewa hiyo. Elimu hiyo ilihitajika na kila aliyetaka kujua setilaiti ingedumu muda gani kabla ya kuanguka.

Aprili 26, 1967 ndipo siku ya Ngomeni ilipofika. San Marco 2 iliruka kutoka jukwaani na kuingia katika mzunguko wa ikweta, setilaiti ya kwanza kurushwa kutoka jukwaa la baharini. Miezi mitatu kabla, mataifa yalikuwa yametia saini mkataba unaokataza kuweka silaha za nyuklia katika anga za juu. Kazi iliyofanyika Ngomeni ililingana na mkataba huo.

Siku iliyolipa jina la Kenya heshima kubwa zaidi ilikuwa Desemba 12, 1970, maadhimisho ya miaka saba ya uhuru. Waitaliano walirusha setilaiti ya NASA iliyokusudiwa kuchunguza eksirei zitokazo kwenye nyota. Ilikuwa mara ya kwanza kwa setilaiti ya Marekani kurushwa na watu wa nchi nyingine. Kwa heshima ya wenyeji na siku hiyo, iliitwa Uhuru. Ilipofikia mwisho wa kazi yake mwaka 1973, ilikuwa imewezesha kuorodheshwa kwa vyanzo 339 vya eksirei na kusaidia kutambua kwamba Cygnus X-1 huenda ni shimo jeusi, yaani kitu ambacho mvutano wake hauruhusu hata mwanga kutoka. Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Italia aliyeongoza utafiti huo, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Neno la Kiswahili likaingia katika vitabu vya nyota vya dunia nzima.

Kati ya mwaka 1967 na 1988 setilaiti tisa zilirushwa kutoka Ngomeni, na zote zilifika angani salama. Miongoni mwake ilikuwamo Ariel 5 ya Uingereza, Oktoba 1974. Mtawala wa jana alikuja kama mteja katika bahari ya nchi aliyoitawala.

Machweo na urithi

Machi 25, 1988 iliruka San Marco 5, nayo ikawa ya mwisho. Marekani ilikuwa ikielekea kuachana na roketi za Scout. Mwaka huo huo Italia iliunda shirika lake la anga za juu, ambalo lilielekeza nguvu katika miradi ya Ulaya. Broglio alitaka Scout iboreshwe na Ngomeni iendelee kurusha, lakini hakuungwa mkono. Vita Baridi vilimalizika, Muungano wa Kisovieti ukavunjika mwaka 1991, na majukwaa yakaanza kuliwa na kutu. Broglio alifariki Roma, Januari 14, 2001, akiwa na umri wa miaka 89.

Kituo cha nchi kavu hakikufa. Kiliendelea kupokea mawasiliano ya setilaiti na kufuatilia roketi za mataifa mbalimbali, na tangu mwaka 2004 kimekuwa mikononi mwa shirika la anga za juu la Italia. Athari nyingine iko mitaani Malindi, ambako Kiitaliano huzungumzwa na wauza vinyago, madereva na wahudumu wa hoteli. Wahandisi wa San Marco walikuwa miongoni mwa Waitaliano wa mwanzo kuujua mji huo, na watalii wakafuata.

Swali la faida limebaki. Wakazi na wanasiasa wa Pwani wameuliza mara kwa mara Kenya imevuna nini kutokana na nafasi yake kwenye ikweta, na ni vijana wangapi wa Kilifi waliofunzwa elimu hiyo. Mwaka 2016 Kenya na Italia zilitia saini mkataba mpya unaogusa mafunzo na kugawana takwimu. Mwaka 2017 Kenya iliunda shirika lake la anga za juu, na mwaka 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyofanikishwa kwa msaada wa chuo alichofundisha Broglio, iliachiliwa angani. Aprili 2023 ilifuata Taifa-1. Hiyo nayo ilirushwa kutoka California, Marekani, ilhali majukwaa ya Ngomeni yalibaki kimya.

Malindi ina historia ndefu na wakubwa wa dunia. Mwaka 1415 ilimpelekea mfalme wa China zawadi ya twiga, na mwaka 1498 ikampa Vasco da Gama rubani wa kumfikisha India. Kila mara mji ulikuwa na kitu ambacho mgeni alikihitaji. Broglio alikuja akihitaji ikweta, na hakulificha hitaji lake. Aliijua thamani ya mahali hapo kuliko waliokuwa wakipatawala, akaitumia kuipatia nchi yake nafasi kati ya majabali mawili yaliyokuwa yakitishana kwa mabomu. Somo alilowaachia wenyeji wa Ngomeni ni kwamba mahali pana thamani pale mwenyewe anapoijua na kuketi mezani kuijadili.